Malenga, Msiilaani Gemu: Ipeni Lugha

Katika kumbi zetu za ushairi imekuwa desturi kwamba mtu akitaka kuonekana mlinzi wa Kiswahili, kwanza huilaani gemu. Nimesoma mashairi mengi ya namna hiyo, mengine yakiwa na mizani isiyo na kasoro na vina vilivyopangika kama shanga. Ujumbe wake ni uleule: michezo ya video ni mali ya wageni, hupumbaza watoto, tena hukivunjavunja Kiswahili. Ninaandika kupinga. Gemu haijakivunja Kiswahili. Wenye lugha waliususia ukumbi, kisha wakashangaa kutoisikia lugha yao ikisemwa humo.

Nasema haya nikiwa mwalimu mstaafu wa sekondari, mwenye umri uliokwisha kuvuka miaka sitini, na mpenzi wa gemu tangu ujana wangu. Mapenzi hayo na kazi ya ualimu havijapata kugombana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa chuo cha ualimu, mwenzetu mmoja aliletewa na mjomba wake baharia kidude cha Nintendo kilichoenea kiganjani. Tulikipokezana bwenini hadi betri zikafa. Mashine kubwa, zile za kuunganishwa na televisheni, zilichelewa kutufikia kwa sababu iliyo wazi: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na nyumba zenye seti zilikuwa za kuhesabika. Baadaye tulimpata nyoka wa simu za Nokia, aliyeanza kutambaa mwaka 1997. Kisha ikaja PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huku kwetu mashine hiyo iliingia ikiwa imekwisha kutumika kwingine, ikawa riziki ya vijana: televisheni moja, benchi moja, na malipo kwa kila mechi.

Hapa Robanda, kijiji chetu cha Waikoma kando ya Hifadhi ya Serengeti, ninawajua vijana waliokulia katika benchi kama hilo. Nyumbani husema Kiikoma. Shule ya msingi waliisoma kwa Kiswahili, na sekondari wakahamishiwa Kiingereza. Mchezo wa kandanda waupendao hutangazwa na Waingereza. Nao hufanya nini? Hunyamazisha sauti ya televisheni, na mmoja wao, aghalabu asiyekuwa na hela ya kucheza, hushika utangazaji kwa Kiswahili. Nimeketi nikamsikiliza. Mpira “unabembelezwa”, beki “anaachwa akisalimiana na upepo”, kipa “anaokota nyavuni alichokipanda mwenyewe”. Hakuna aliyemfundisha. Amerithi kutoka redioni, akaongeza vya kwake. Mshairi anayeamini kwamba gemu huua lugha na aje aketi benchi lile nusu saa, halafu aniambie ni nani mwenye lugha hai kati yake na kijana yule.

Lakini kijana huyohuyo akitoka kwenye kandanda, ulimi humkwama. Kishikio anachochezea hukiita “pedi”, neno ambalo madukani limekwisha kuchukuliwa na bidhaa ya akina dada, na utani wake hauishi. Hatua za mchezo ni “levo”. Kuhifadhi alipofikia ni “kusevu”. Mbabe wa mwisho wa hatua ni “bosi”. Hapo ndipo watetezi wa lugha hupiga kelele: tazameni, Kiswahili kinakufa! Nami nawauliza: ninyi mliwapa neno gani wakalikataa? Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na vyama vya washairi vipo. Tumekesha tukibishana juu ya shairi huru na shairi la arudhi, na mabishano hayo nayapenda, lakini katika miaka yote hiyo hatukuketi hata jioni moja kuulizana mtoto aite nini kitu anachokishika kila siku. Aliyeachwa bila neno huazima, na lawama yake haimstahili.

Wazee wetu hawakuwa wavivu hivyo. Litazameni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wake hawakuacha kitu bila jina. Shimo moja maalumu wameliita nyumba. Mashimo ya ncha za safu ya mbele ni vichwa, na yaliyo jirani yake ni kimbi. Awamu ya kuingiza kete zilizo mkononi ni kunamua, inayofuata ni mtaji, na zamu isiyokula ni kutakata. Mengi kati ya maneno hayo hayakuundwa upya. Nyumba, kichwa na mtaji yalitolewa katika maisha ya kila siku, yakavikwa maana mpya ubaraza­ni, na wachezaji wakayasugua hadi yakang’aa. Hakuna aliyesema kwamba bao ni upuuzi usiostahili msamiati. Kwa nini basi mchezo wa kioo cha televisheni tuunyime heshima tuliyoupa mchezo wa ubao?

Wapo watakaojibu kwamba bao ni hekima na gemu ni damu. Jibu hili nalisikia mno, na linanichosha. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni habari ya vita tangu mwanzo hadi mwisho, na ndio tunaouweka katika safu ya mbele ya fasihi yetu. Tunausifu kwa sababu panga zake zimebebwa na lugha na umbo. Basi tuihukumu gemu kwa kipimo hichohicho: hadithi yake imesukwaje, inamtaka mchezaji achague nini, inamwacha na nini moyoni. Zipo gemu zilizo takataka, kama yalivyopo mashairi yaliyo takataka. Hatujaufunga ushairi kwa ajili ya hayo.

Wengine hutaja watoto wanaotoroka shule. Nimefundisha miaka mingi, na watoro nawajua. Wapo waliokimbilia gemu, wapo waliokimbilia mnada wa ng’ombe, na wapo waliokimbia kiboko. Banda linalopokea watoto saa za masomo lichukuliwe hatua. Na mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, ambazo watu huzichanganya kwa makusudi na gemu, mimi sizitetei hata kwa herufi moja. Kamari humnyang’anya mtoto sarafu yake kwa bahati asiyoimiliki, ilhali gemu humtaka ajifunze, ashindwe, ajaribu tena.

Sasa nifike kwenye aibu yetu kubwa zaidi. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, mchezo wa kujenga dola na ustaarabu. Wimbo wake wa ufunguzi unaitwa “Baba Yetu”, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mtunzi wa muziki ni Mmarekani, Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Fikirini vema. Mara ya kwanza muziki wa gemu kuvishwa taji hilo, lugha iliyosikika ndani yake ilikuwa hii yetu. Mamilioni ya wachezaji wasiojua Tanzania iko wapi waliimba Kiswahili vyumbani mwao. Na sisi tulitunga nini cha kuufuata? Mgeni alitufungulia mlango kwa sala tuliyokuwa nayo siku zote. Sisi tulibaki nje tukijadili kama ni halali kuingia.

Nao ushahidi kwamba inawezekana umekuja kutoka kwa mtu mwenye damu ya huku. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake, na mwaka 2024 studio yake ikatoa gemu ya Tales of Kenzera: Zau. Kijana Zau, mganga, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake aliyefariki. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Nani kati yenu, enyi watunzi wa tenzi, asiyekitambua kisa hicho? Msiba, safari, mapatano na mauti, mwana kutafuta radhi ya mzazi: hiyo ni mali ya ghala letu wenyewe. Salim hakutunga shairi la kuilaani gemu. Aliweka majonzi yake ndani yake.

Kwa hiyo nawaitia kazi tatu. Ya kwanza ni msamiati, nami naanza kwa kuchangia. Kile cha mkononi tukiite usukani, maana ndicho kinachoendesha. Levo iwe ngazi. Kusevu kuwe kutia akiba. Bosi awe zimwi, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na hadithi za bibi anajua mara moja kwamba zimwi hungoja mwisho wa njia. Uhai wa mchezaji vijana wa hapa wamekwisha kuuita roho, “nimebakiza roho mbili”, na hapo hawahitaji msaada wetu. Kama maneno yangu hayafai, leteni yenu, na wachezaji ndio watakaoamua.

Ya pili ni utunzi. Vijana wetu wanaosomea programu wanaweza kuunda picha na mwendo, lakini gemu huhitaji pia mtu wa kuandika majibizano, vitendawili, nyimbo na maombolezo. Nani ameandaliwa kwa kazi hiyo kuliko malenga? Ya tatu ni uhakiki. Tuzihakiki gemu kama tunavyohakiki diwani na riwaya, tukizicheza kwanza. Anayehukumu asichokicheza hana tofauti na mwanafunzi anayejibu swali la fasihi kwa kusoma jalada la kitabu.

Kwa kuwa baraza hili ni la ushairi, nawaachia ubeti mmoja, na anayetaka kunijibu anijibu kwa vina hivihivi:

Wenye lugha mwasinzia, na wenzenu wanacheza,
Maneno mwayazuia, nao wanayaongeza,
Nani atawatungia, hadithi za kupendeza?
Lugha wasiyochezea, ni nani wa kuikuza?