Mpunga wa Ifakara, Mchele wa Bandarini: Swali la Ushuru Linatuhusu Nini Watu wa Visiwani?



Kuna swali moja tunaletewa kwa sura tafauti tafauti. Mtu ana mtaji mdogo. Ananunua mchele ulioshushwa Unguja kutoka Pakistan au Thailand, anaupakia kwenye jahazi usiku na kuuteremsha kwenye bandari bubu ya mwambao wa bara, ambako bei ni ya juu. Faida yake ni ile kodi asiyoilipa. Anatuuliza: mchele ni halali, pesa yangu ni halali, niliyemuuzia ameridhia, dhambi iko wapi?

Wengi hujibu kwa neno moja, ama "halali" ama "magendo ni haramu", wakaondoka. Sisi tuliona jibu la namna hiyo halitoshi, kwa sababu katika swali hilo kuna mtu wa tatu ambaye muulizaji hamtaji. Mtu huyo tumemuona. Yuko Ifakara.

Ifakara ni mji wa bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China katika miaka ya 1970, inapita hapo kuelekea Mlimba na Zambia. Wenyeji ni Wandamba, Wapogoro, Wabena na wengi waliohamia kutoka kila pembe ya nchi, na miongoni mwao wamo Waislamu wenye misikiti na madrasa zao. Mto ukijaa masika, bonde hugeuka ziwa. Maji yakishuka, mpunga unakomaa. Mavuno huanza kama mwezi wa Mei na kuendelea mpaka Julai. Mkulima wa huko kwa kawaida hana ghala. Ana uwanja, turubai na deni. Mnunuzi humfuata hapo hapo uwanjani na gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, na bei anaitaja mnunuzi. Mkulima hajui Dar es Salaam mchele umelala kwa kiasi gani, wala hajui meli gani imeshatia nanga.

Waliosoma fiqhi ya biashara watakumbuka hapa katazo la Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) la kwenda kuilaki misafara kabla haijafika sokoni. Wanachuoni wameeleza sababu: muuzaji anauza bila ya kujua bei ya soko, na ndiyo maana akapewa hiari ya kuvunja mauzo akifika sokoni na kugundua kuwa amepunjwa. Soko la mkulima wa Ifakara lilipo leo haliendewi kwa miguu. Sehemu yake iko Arusha, na sehemu nyengine iko Geneva.

Jambo hili si geni kwa Zanzibar. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Ilikubaliwa kwamba wafanyabiashara wa Kimarekani wasitozwe zaidi ya asilimia 5 ya shehena watakayoishusha, na wasilipe zaidi ya linalolipa taifa linalopendelewa kuliko yote. Waingereza wakafuata mwaka 1839, Wafaransa 1844. Ushuru wa bandari ya Unguja ukawa umefungwa kwa kamba tatu, na mwenye bandari hakuweza tena kuupandisha peke yake. Hayo mawili, kuufunga ushuru usipande na kutompendelea mmoja juu ya mwengine, ndiyo yaliyokuja kuwa nguzo za mfumo mzima wa biashara ya dunia. Babu zetu waliyaonja zaidi ya miaka mia moja kabla.

Mfumo wenyewe ulizaliwa baada ya Vita vya Pili. Mataifa 23 yalitia saini Geneva, tarehe 30 Oktoba 1947, Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, ambao wengi wanaujua kwa jina la GATT. Ulikusudiwa kuwa wa muda tu. Shirika kamili la biashara lilipangwa katika mkutano wa Havana, lakini Bunge la Marekani halikuliridhia na likafa kabla ya kuzaliwa. Ule wa muda ukakaa miaka 47. Tanganyika iliingia mwaka ule ule wa uhuru, 1961. Kwa muda mrefu mazungumzo yale yalishughulika na bidhaa za viwandani. Kilimo kiliachwa pembeni, kwa sababu wakubwa wenyewe walikuwa wanawalinda wakulima wao na hawakutaka kuulizwa.

Kilimo kiliingizwa kwa dhati katika makubaliano ya Marrakesh ya Aprili 1994, na tarehe 1 Januari 1995 likaanza Shirika la Biashara Duniani, WTO, Tanzania ikiwemo. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulisikia kinyume. Husemwa kwamba WTO ndiyo iliyotulazimisha kufungua milango. Kwa mchele si hivyo. Tanzania iliahidi huko kwamba ushuru wake wa mazao hautavuka asilimia 120. Hilo ni dari. Chini ya dari hilo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanzisha Umoja wa Forodha mwaka 2005 ziliuweka mchele katika orodha ya bidhaa nyeti na kuutoza asilimia 75 ukitoka nje ya Jumuiya. Kwa maandishi, basi, mkulima wa Kilombero ana ukuta mrefu wa kumkinga.

Lakini ukuta una milango, na funguo za milango hiyo wanazo wenyewe wa nyumbani.

Mwanzoni mwa 2013 bei ya mchele ilikuwa imepanda sana, na Serikali ya Muungano ikaruhusu mchele wa nje uingie kwa muda bila ya ushuru. Nia ilikuwa kuwapunguzia wananchi makali, na hatuwezi kuilaumu nia hiyo. Njaa ya watu wa mjini ni njaa vile vile. Kilichofuata ni kwamba bei iliporomoka, na mpunga wa Kilombero na Mbeya ukakosa mnunuzi wa maana. Walioumia si wadogo peke yao: hata shamba kubwa la Mngeta, lililokuwa na mtaji wa kigeni, lilipiga kelele. Na majirani wakaanza kuutilia shaka mchele wa Tanzania, wakitaka kujua kama kweli umelimwa Tanzania au umepita tu kutoka Asia. Mkulima akapigwa mara mbili: soko la ndani limejaa mchele wa wengine, na la jirani linamtaka athibitishe kuwa mchele wake ni wake.

Mlango wa pili uko kwetu. Visiwa vyetu havijitoshelezi kwa mchele, pamoja na juhudi za Cheju na Bumbwisudi, na kwa hiyo tumepewa nafuu: mchele unaoingia Zanzibar hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa bara. Nafuu hiyo ni kwa ajili ya matumizi ya visiwani. Ukivushwa kwenda bara, unatakiwa kulipiwa. Hapo ndipo lilipo jahazi la muulizaji wetu.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Mchele wa Asia hauji kwa bei nafuu kwa sababu ya ubora wa ardhi tu. Serikali ya India huwanunulia wakulima wake kwa bei iliyowekwa, na ilipovuka kiwango cha ruzuku kinachoruhusiwa, ilikuwa nchi ya kwanza kujikinga kwa kifungu cha msamaha kilichopatikana katika mkutano wa Bali wa Desemba 2013. Thailand nayo, kuanzia 2011, ilinunua mpunga wa wakulima wake juu ya bei ya soko, ikajaza maghala, kisha ikabidi iyatoe. Mkutano wa Nairobi wa Desemba 2015 ulikubaliana kuziondoa ruzuku za kusafirishia mazao nje, na hilo lilikuwa jema, lakini ruzuku za ndani zilibaki. Kanuni ni moja kwa wote. Mifuko si mmoja. Hazina ya Tanzania haina uwezo wa kumfanyia mkulima wa Ifakara yale anayofanyiwa mwenzake wa Punjab.

Na mwenye nguvu akiamua kuvunja, nani atamhukumu? Tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha WTO hakina majaji wa kutosha, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wao. Aprili 2025 Marekani hiyo hiyo ikatangaza ushuru wa nchi kwa nchi, kila mmoja na kiwango chake. Lile sharti la kutompendelea mmoja juu ya mwengine, walilolitaka kwa Sayyid Said, wameliweka kando wenyewe.

Wala tusidhani sisi tunaokula mchele wa meli tumesalimika. Julai 2023 India ilizuia kusafirisha mchele mweupe usiokuwa basmati, na katazo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Fikirieni zakatul-fitri. Tunatoa pishi ya chakula kikuu cha mji, nacho kwetu ni mchele, na sehemu kubwa ya mchele huo umelimwa na watu wa ng'ambo ya bahari. Wakifunga ghala lao, hata ibada yetu ya mwisho wa Ramadhani inapanda bei.

Sasa tulirejee swali. Wapo wanaosema ushuru wote wa serikali ni maksi, dhulma iliyokemewa, na kwa hiyo kuukwepa hakuna ubaya. Hoja hii inahitaji kupimwa. Sayyidna Umar (Radhiya Allahu ‘anhu) alipoambiwa kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu hutozwa sehemu ya kumi katika nchi za wengine, aliagiza watozwe wao kama wanavyotoza. Na imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik kwamba kwa wafanyabiashara wa Kinabati aliupunguza ushuru wa ngano na mafuta mpaka nusu ya kumi, akikusudia vyakula hivyo viletwe kwa wingi Madina, na kunde akaziacha kwenye sehemu ya kumi. Basi ushuru unaowekwa mpakani kwa ajili ya maslahi ya watu, ukapunguzwa pale chakula kinapohitajika, una asili kwa Khalifa muongofu. Hauwi maksi kwa sababu tu unatuuma mfukoni. Nafuu tuliyopewa visiwani inafanana mno na ile ya Madina.

Anayevusha mchele huu kwa siri, kwa mtazamo wetu, anafanya mambo mawili yasiyojuzu. Kwanza, anakiuka sharti ambalo kwalo nafuu ilitolewa. Mchele uliingizwa kwa jina la walaji wa Unguja na Pemba, naye anaugeuza. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwetu, anamdhuru mtu asiyekuwemo katika mauzo: yule wa Ifakara aliyekesha kufukuza ndege shambani, akapeleka gunia lake sokoni akalikuta limeshajaa. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza dhara inamhusu yeye kama inavyotuhusu sisi. Kuridhia kwa mnunuzi hakuiondoi haki ya aliyedhurika.

Kuununua mchele huo hapa visiwani na kuula hakuna tatizo lolote, wala mwenye duka wa Darajani au Chake asitiwe wasiwasi. Na kama mtu anataka biashara ya mchele baina ya pande mbili, njia ipo wazi ya kuja huku: mchele wa Kilombero hauna ushuru wa forodha ukiletwa Unguja. Unakuwa ghali kwa sababu nyengine, nazo ni usafiri, mashine duni za kukoboa na tozo za njiani. Tungependa wawakilishi wetu walizungumze hilo kuliko kuzungumza nafuu peke yake. Na walizungumze mapema. Mabadiliko ya ushuru ya Jumuiya huanza kutumika tarehe 1 Julai, wakati mpunga wa Kilombero uko uwanjani. Mkulima alipanda tangu Disemba au Januari bila ya kujua atauza kwa kanuni ipi.

Ama aliyekwishaifanya biashara hiyo na sasa anauliza afanye nini na faida yake: aache, atubie, na ile tafauti ya ushuru aliyoikwepa ailipe, kwani ni haki ya umma. Mauzo yenyewe hatusemi kuwa ni batili, kwa sababu mchele ulikuwa wake. Wakulima aliowadhuru hawezi kuwajua mmoja mmoja. Awaombee, na akiweza kutoa sadaka kwa niaba yao, basi atoe. Wa-Allahu A‘lam.