CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE, LAKINI NANI ACHAGUE CHANDA?

Ndugu wafanya kazi,

Vyuo vikuu hutoa zawadi kwa walimu wa sheria walio bora. Wako wenzetu wanaouliza, hayo yatuhusu nini sisi watu wa reli? Twajibu, yatuhusu sana. Wakili anayemtetea mfanya kazi aliyefukuzwa bila notisi, na wakili anayemtetea tajiri, wote wawili walifundishwa na mtu. Hakimu naye vile vile.

Basi ubora wa mwalimu hupimwa kwa nini? Mara nyingi hupimwa kwa hesabu ya makala alizoandika, nazo husomwa na walimu wenzake tu. Sisi hatukatai kuandika. Bw. Issa Shivji, aliyefundisha sheria Dar es Salaam miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1986 kueleza jinsi sheria ilivyomtendea mfanya kazi tangu enzi za mkoloni. Kuandika kwa namna hiyo ni kufundisha. Lakini dereva wa gari la moshi hasifiwi kwa kupiga honi. Husifiwa kwa kufikisha watu salama.

Tena tazameni hapa kwetu. Bw. Willy Mutunga alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, naye alikuwa katibu wa chama cha walimu wa chuo. Alipewa zawadi gani? Mwaka 1980 serikali ilikifuta chama, na mwaka 1982 yeye akatiwa kizuizini bila hukumu. Mwaka 2011 mtu yule yule akafanywa Jaji Mkuu wa Kenya. Je, ualimu wake ulikuwa mbaya mwaka 1982 ukawa mwema mwaka 2011? Hapana. Waliobadilika ni wapimaji.

Wengine husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi twasema, mgema huharibika akisifiwa na watu wasiokunywa tembo lake.

Kwa hiyo twataka hivi. Kwanza, waulizwe wanafunzi waliokwisha kutoka chuoni. Pili, waulizwe wafanya kazi waliotetewa na wanafunzi hao. Tatu, mwalimu asiyefundisha kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachotupa haki ya kujiunga na chama na kugoma, asivikwe pete, hata akiwa hodari namna gani kwa mengine.

Kila tawi lijadili jambo hili, na chama kiwaandikie wakuu wa vyuo.

Umoja ni nguvu.