Wakala Asiye na Jirani
Afunguapo pakiti ya mbegu za mahindi kutoka kampuni ya Kenya Seed, iliyoasisiwa Kitale mwaka 1956, mkulima wa Bungoma husoma maagizo yake, na likimtatiza neno humwuliza jirani. Lakini wakala wa akili mnemba, atumwapo kulipia mbolea kupitia Daraja, lango la M-Pesa lililofunguliwa kwa waundaji wa programu mwaka 2017, hana jirani, ana ibara alizoandikiwa tu, na zikipungua hukisia. Asipoelezwa bayana kwamba nambari ya simu huanza kwa 254, wala si kwa sifuri kama tuzoeavyo, ombi lake hukataliwa, na mvua haingoji. Nawasihi vijana wetu waundao zana zitumiwazo na mawakala hawa waandike kila sharti na, hasa, maana ya kila kosa, ambayo aghalabu huachwa.