M na S Hazijui Nyuma

Madai mmeyasikia: ukirekodi kwa mbinu ya kati-na-pembeni, umekwisha kuinasa sauti ya pande zote, na kilichobaki ni kuigawa kwenye spika tano. Nimeyafuata hatua kwa hatua. Hayasimami, na wasomaji ndio waamuzi.

Msingi wa wanaodai hivyo ni wa kweli. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, aliieleza hesabu ya mbinu hii katika hataza aliyoiomba Uingereza mwaka 1931. Maikrofoni ya kati, M, hutazama mbele. Ya pembeni, S, yenye usikivu wa umbo la nane, husikiliza kushoto na kulia. M jumlisha S ni kushoto, M toa S ni kulia. Hapo hatugombani.

Wanasema sauti ya nyuma imejificha ndani ya S. Imejifichaje? Umbo la nane ni kiziwi kwa sauti itokayo mbele kabisa au nyuma kabisa. M nayo, ikiwa kadioidi (yenye usikivu wa umbo la moyo) kama ilivyo kawaida, haisikii nyuma. Basi anayepiga makofi nyuma kabisa ya maikrofoni hayumo kwenye M wala S, ila mwangwi wake uliogonga kuta. Wapo wanaojibu: tumia M inayosikia pande zote. Sawa, atasikika, lakini sawasawa na aliye mbele, na S itawanyamazia wote wawili. Mtawatofautishaje?

Wanasema pia S ni mwangwi wa ukumbi tu, kwa hiyo ipelekwe spika za nyuma. Hapa wanajipinga wenyewe. Kwenye sterio husema S ndiyo inayoipeleka fidla kushoto. Wakifika nyuma, S ileile imekuwa ukumbi mtupu. Chukua kundi la taarabu: mwimbaji katikati, fidla kushoto, akodioni kulia. Fidla na akodioni zimo ndani ya S, waziwazi. Ipeleke nyuma, na wapigaji watavutwa mgongoni mwa msikilizaji, mwimbaji abaki mbele peke yake. Tena spika moja ya nyuma hupewa S na ya pili S iliyopinduliwa; kwa aliyekaa katikati, besi zinauana.

Mbona mfumo wa Dolby Surround, mwaka 1982, uliipata sauti ya nyuma kwenye tofauti ya kushoto na kulia? Kwa sababu fundi wa filamu aliitia sauti hiyo humo makusudi, studioni. Kwenye rekodi ya M na S hakuna aliyeitia.

Kuchelewesha S kidogo na kuongeza mwangwi wa kompyuta hupunguza kasoro, na matokeo yanaweza kupendeza. Lakini huo ni utunzi, si rekodi ya ukumbi, na msikilizaji aambiwe hivyo.

Dawa ipo: kadioidi ya pili inayotazama nyuma, S ileile ikitumikia zote mbili. Kwa chaneli tatu, mbele na nyuma hutenganishwa kwa hesabu halali. Mnaotaka kurekodi sauti ya pande zote, bebeni maikrofoni ya tatu.