Haibiskasi: Ua Linalohama Pamoja na Familia

Familia za askari hupata uhamisho mara kwa mara. Kwa sababu hiyo wengi huona hakuna faida ya kupanda maua watakayoyaacha nyuma. Haibiskasi haina shida hiyo. Kabla ya safari, mwenye bustani na akate vijiti vilivyokomaa kiasi, vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Aondoe majani ya chini, kisha avifunge katika kitambaa chenye unyevu. Afikapo, avipande kivulini penye udongo usiotuamisha maji. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Kila ua hudumu takriban siku moja tu. Hata hivyo, mti ukipogolewa huchipua matawi mapya, nayo ndiyo yachanuayo. Hivyo nyumba mpya ya kambini haitakaa muda mrefu bila maua.