Filamu Bubu Zinasubiri Muziki Wetu

Wanachama wenzangu na walimu wetu, kuna kauli iliyozoeleka hapa chuoni kwamba filamu bubu ni za wazee na za wanahistoria. Watu wanakimbia haraka haraka, wanatoa macho, piano inalia, basi. Naipinga kauli hiyo, na nikishaipinga nina ombi kwa chama chetu.

Kwanza, filamu hizo hazikuzoea kuonyeshwa katika ukimya. Kwenye kumbi ndogo alikuwapo mpiga piano, kwenye kumbi kubwa okestra nzima. Japani alisimama kando ya pazia msimulizi aliyeitwa benshi, akawasemea waigizaji wote, na wengine wao walipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Aliyewahi kukaa kwenye banda la video Dar es Salaam au Kampala, akamsikia mtafsiri akiieleza filamu ya Kichina kwa mbwembwe zake, hana haja ya kufafanuliwa benshi ni nani. Filamu ilifika ukumbini ikiwa nusu. Nusu ya pili ilitengenezwa na watu wa pale pale.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kuitungia filamu ya zamani muziki mpya ni kuiharibu. Chukua The Passion of Joan of Arc ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1928. Richard Einhorn aliandika Voices of Light mwaka 1994, kazi ya kwaya na okestra inayoambatana nayo. Mwaka 2010 Adrian Utley na Will Gregory wakaitungia muziki mwingine, safari hii wenye magitaa ya umeme. Uso wa Renée Falconetti ni ule ule, machozi ni yale yale. Lakini kwa Einhorn mimi naona mtu anayesali, na kwa Utley na Gregory naona mahakama inayonitia hasira. Filamu moja imenipa filamu mbili, na sijaona ni nani aliyedhulumiwa.

Sisemi kila muziki mpya ni mzuri. Mwaka 1984 Giorgio Moroder aliitoa upya Metropolis ya Fritz Lang ikiwa na nyimbo za pop. Kwa maoni yangu nyimbo zile zinagombana na nyuso. Mwimbaji anakuambia ujisikie vipi kabla macho yako hayajaamua. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Tena muziki si pambo tu. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu inayowatukuza Ku Klux Klan. Muziki wake uliandaliwa na Joseph Carl Breil, na wapanda farasi wa Klan wanapokuja mbio okestra hupiga Wagner kwa kishindo. Kundi la wauaji linaingia kama jeshi la ukombozi, na mtazamaji moyo unamwenda mbio kabla hajajiuliza anamshangilia nani. Anayechagua muziki anachagua upande.

Miaka mitano baadaye Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, alitoa Within Our Gates. Ni habari ya Sylvia, mwalimu anayekwenda kaskazini kutafuta fedha za kuiokoa shule ya watoto weusi wa kusini. Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea, hadi nakala ilipopatikana Hispania ikiwa na jina La Negra. Vibao vya maneno vilikuwa vimegeuzwa Kihispania, kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza tunayosoma leo ilibidi itafsiriwe kutoka Kihispania. Sisi tuliokulia ugenini tunaijua safari ya namna hiyo: lugha inatoka nyumbani, inapita kwa wengine, inarudi ikiwa na lafudhi. Katika toleo la mwaka 2016 filamu hiyo ilipata muziki wa DJ Spooky, ndiye yule aliyekwisha kuichambua na kuipanga upya filamu ya Griffith.

Jambo hili linatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1909 Cherry Kearton alimpiga Theodore Roosevelt picha za sinema akiwa safarini Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Martin na Osa Johnson walitoa Simba, waliyoipiga Kenya, na ndani yake mna wanaume wanaomkabili simba kwa mikuki. Wale ni watu wa kwetu. Walipigwa picha, sauti zao hazikuchukuliwa. Leo mtu akiwawekea ngoma yoyote ya “Kiafrika” aliyoipata kwenye kompyuta, wanakuwa sehemu ya wanyama wa mbugani. Akiketi na wazee wanaojua nyimbo za eneo lile, akatunga kutoka hapo, wanakuwa watu waliokuwa na kazi, hofu na mzaha. Picha haikubadilika hata moja. Kama sisi hatuifanyi kazi hiyo, wapo watakaotufanyia, nao hawatatuuliza.

Sasa ombi langu. Chama kitenge usiku mmoja muhula ujao kwa Within Our Gates, tuitungie muziki wenyewe. Tunao wenye udi, wenye ngoma, wenye kinanda. Vibao vyote vitafsiriwe kwa Kiswahili na visomwe kwa sauti pale pale, mtindo wa benshi. Filamu yenyewe haki zake zimekwisha hapa Marekani, lakini muziki uliotungwa miaka ya karibuni una wenyewe na unalipiwa. Kwa chama chenye mfuko kama wetu, kutunga ni rahisi kuliko kukodi.

Najua litakaloulizwa: hiki ni chama cha Kiswahili, filamu ya Wamarekani weusi inatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba wengi wetu Kiswahili chetu ni cha jikoni. Tunajua “umekula?” na “wasalimie nyumbani”. Katika filamu hii kundi la watu linawakamata wazazi waliomlea Sylvia na kuwanyonga bila hukumu yoyote. Kiingereza kina neno moja kwa tendo hilo. Sisi tutaliitaje, kwa maneno machache yatakayosomeka kabla kibao hakijapita? Wanachama wakibishana usiku kucha juu ya neno hilo, na walimu wakatusahihisha, tutakuwa tumejifunza Kiswahili zaidi ya muhula mzima wa mazungumzo ya sokoni na hotelini.

Na kwenye tukio hilo la kunyongwa napendekeza tusipige kitu. Msomaji anyamaze, udi unyamaze, ngoma zinyamaze. Baada ya saa nzima ya muziki, ukumbi utausikia ukimya huo.

Nitalileta pendekezo hili kwenye kikao kijacho. Anayelipinga aje na hoja zake, anayeliunga mkono aje na ala yake. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa sasa kwetu ni hapa pia.