Mwanamke wa kisasa ni yupi?



Baada ya mazoezi ya kwaya twawasikia mkitaniana: mwanamke wa kisasa ni yupi? Mmoja ataja nywele za bandia, mwingine mavazi ya wanamuziki wa Kinshasa, nanyi mwacheka. Utani huo ni mwema. Lakini mara nyingi mvulana mmoja huukata kwa kusema, "Anuarite hakuwa hivyo," na mabinti hunyamaza.

Hapo twapinga. Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alikataa kufanywa mke wa kamanda wa waasi, naye kamanda alikuwa na silaha. Jina lake halifai kuwafunga wasichana midomo. M'Pongo Love naye, aliyepatwa na polio utotoni, alipanda jukwaani akaimba, na nchi ikamsikiliza. Hatuwalinganishi mtawa na mwanamuziki kwa utakatifu. Twasema tu kwamba mwanamke hapimwi kwa nywele zake, bali kwa uhuru wa kukubali na kukataa mbele ya Mungu.

Basi mabinti, endeleeni kujadili na kucheka. Nanyi wavulana, mkimtaja Anuarite, kumbukeni kwamba alikufa kwa kumkatalia mwanamume.